Hongera kwa Wakulima wa New Glarus

Mwaka 1845, wahamiaji kutoka jimbo la Glarus, Uswisi, walifika Wisconsin, Marekani, wakaanzisha makazi ya New Glarus. Kwao kazi za nguo zilikuwa zimepungua na njaa imebisha hodi. Wengi walizoea pamba na mashine kuliko jembe. Kila familia iligawiwa ekari 20. Wakalima ngano, hadi udongo ukachoka na wadudu wakaishambulia.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Hawakukunja jamvi: waligeukia ng'ombe wa maziwa, wakapeleka maziwa yao kwenye viwanda vidogo vya jibini vijijini. Aliyekuwa kibarua wa kiwanda cha nguo sasa aliamka alfajiri kukamua ng'ombe wake mwenyewe. Heshima iliyoje! Hadi leo, kaunti yao ya Green inasifika kwa jibini.