Kosa, Marekebisho au Ukimya? Mwendelezo wa Masimulizi katika Vichekesho vya Televisheni vya Marekani na Funzo lake kwa Tafsiri ya Kiswahili

Mfululizo wa vichekesho vya televisheni ni kazi ya mikono mingi. Waandishi huingia na kutoka, waongozaji hupokezana zamu, na mhusika aliyebuniwa kwa sehemu chache huweza kudumu miaka 20. Katika mazingira hayo, si ajabu maelezo ya leo kukanusha ya jana. Linalostahili uhakiki ni vigezo ambavyo hadhira huvitumia kubaini ukinzani huo na kuujadili. Makala hii inatoa hoja kwamba si kila ukinzani ni kosa la aina moja, na kwamba mfasiri asiyetofautisha aina hizo huweza kuiharibu kazi anayodhani anaitengeneza.

Aina ya kwanza ni ukinzani wa wakati. M*A*S*H ilirushwa na kituo cha CBS kuanzia 1972 hadi 1983, ilhali Vita vya Korea, vilivyo mandhari yake, vilidumu kuanzia Juni 1950 hadi Julai 1953. Misimu 11 ilibanwa ndani ya miaka 3 ya vita. Kanali Potter anawasili kambini Septemba 1952, lakini sehemu moja ya baadaye inasimulia mwaka mzima wa 1951 huku yeye akiwa tayari kamanda. Wanaohesabu tarehe wana haki ya kuliita hilo kosa. Wapo wanaoweza kuitetea kazi kwa kusema kwamba vita humo ni hali isiyokwisha, hivyo kalenda iliyovurugika inaafiki hisia za wahusika wasiojua lini watarudi kwao. Utetezi huo una uzito, lakini una mpaka: unaeleza kwa nini kosa halikuiangusha kazi, bali hauthibitishi kwamba lilikusudiwa.

Aina ya pili ni ukinzani uliorekebishwa. Katika Cheers (1982–1993), Dkt. Frasier Crane anadai kwamba baba yake, mwanasayansi, amekwisha kufariki. Katika Frasier, iliyoanza 1993, baba huyo, Martin, yu hai, na ni polisi mstaafu. Mwaka 1995 Sam Malone, mwenye baa wa Cheers, anapomtembelea Frasier mjini Seattle, jambo hilo linaibuliwa mbele ya Martin mwenyewe. Frasier anakiri kwamba alikuwa amegombana na baba yake, ndipo akamzushia kifo. Hapa usahaulifu wa waandishi umegeuzwa kuwa tabia ya mhusika. Marekebisho yanakubalika kwa sababu yanaafiki yale ambayo hadhira imekwisha kuyajua: Frasier ni mtu wa kujikweza, na kwa mtu wa namna hiyo baba mwanasayansi ni fahari kuliko baba polisi.

Aina ya tatu ni ukimya. Katika Happy Days (1974–1984), Chuck, kaka mkubwa wa Richie Cunningham, anatoweka bila maelezo, na katika sehemu ya kuhitimisha mzee Howard anazungumza kama mtu mwenye watoto wawili tu. Hakuna tabia ya mhusika inayoweza kulibeba pengo hilo. Ndiyo maana watazamaji wameligeuza jina la Chuck kuwa istilahi ya mhusika anayefutwa kimyakimya.

Mjadala huu unagusa Kiswahili moja kwa moja. Katika sehemu ya kwanza ya The Cosby Show (1984), wazazi wana watoto wanne, na Denise ndiye mkubwa wao. Baadaye katika msimu uleule anajitokeza Sondra, mkubwa kuliko wote. Mfasiri aliyekwisha kumwita Denise kifungua mimba ameuongeza uzito wa ukinzani ambao Kiingereza kiliupitia juujuu. Vivyo hivyo, neno moja la Kiingereza kwa ndugu wa kiume humlazimu mfasiri kuchagua kati ya kaka na mdogo wangu, yaani kutamka mpangilio wa kuzaliwa ambao matini asilia huenda haijautaja.

Hivyo basi, sera za kutafsiri na kuingiza sauti ziyazingatie mambo matatu. Kwanza, mfasiri apewe miswada ya mfululizo mzima kabla ya kuanza sehemu ya kwanza. Pili, iandaliwe daftari ya mwendelezo yenye nasaba, umri na tarehe za wahusika, itumiwe na wafasiri wote wa mfululizo huo, wawe Nairobi, Dodoma au Kampala. Tatu, ukinzani wa matini asilia usisahihishwe kimyakimya, bali uhifadhiwe na kuwekewa kumbukumbu. Mfasiri anayeliziba pengo la Chuck au kumfufua baba wa Frasier kabla ya wakati wake anamnyima mtazamaji wa Kiswahili haki ambayo mtazamaji wa Kiingereza anayo: haki ya kuliona kosa, kulihoji, na kuamua mwenyewe kama linasameheka.