Dakika Chache Kila Wiki: Wakunga wa Shinyanga na Geita Walivyonolewa kwa Mdoli

Mtoto akizaliwa bila kupumua, hakuna nafasi ya kwenda kumwita daktari. Mkunga aliye mbele yake ana dakika moja tu, ile ambayo kwenye mafunzo huitwa dakika ya dhahabu, ya kumkausha, kumsugua mgongo na, asipolia, kuanza kumpumulisha kwa ambu, yaani mfuko wa kuminya hewa wenye barakoa. Utafiti wa Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpumulisha ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu.

Ugumu uko hapo. Watoto wengi hulia wenyewe, kwa hiyo mkunga anaweza kumaliza zamu nyingi bila kushika ambu. Siku anapoihitaji, mikono yake lazima iwe tayari. Stadi isiyotumika kila siku inafundishwaje hadi isisahaulike?

Jibu moja lilijaribiwa kati ya mwaka 2021 na 2023 katika hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Mwanza, Geita na Shinyanga. Mpango huo, Safer Births Bundle of Care, uliongozwa na Haydom pamoja na Wizara ya Afya na washirika kutoka Norway. Kwa Geita na Shinyanga uzito wake unaeleweka haraka. Dhahabu huvuta vijana na familia kwenye miji kama Katoro na Kahama, na wanawake wanaojifungua huko hutegemea wakunga wa zamu, usiku na mchana.

Mpango haukuanzia hewani. Ulijengwa juu ya somo ambalo Haydom ililipata kwa uchungu. Mwaka 2010 wakunga wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Miezi saba baadaye walipopimwa kwenye mdoli wa mazoezi wenye umbo la mtoto mchanga, walifanya vizuri kuliko mwanzo. Wodini, hata hivyo, huduma kwa watoto halisi ilikuwa ileile. Hospitali ikabadili utaratibu: mdoli ukawekwa karibu na chumba cha kujifungulia, kila mkunga akawa anafanya zoezi la dakika tatu hadi tano kwa wiki, na kila mwezi kukawa na kipindi cha dakika 40. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mdoli ulikuwepo kabla na baada. Kilichobadilika ni mahali ulipowekwa na mara ngapi ulishikwa.

Mdoli uliotumika kwenye mpango wa mikoa mitano, NeoNatalie Live, una vihisio ndani vinavyowasiliana na tableti. Mkunga huulaza juu ya meza, huweka kichwa sawa, hubana barakoa juu ya pua na mdomo, kisha huminya ambu kwa kasi ya takriban pumzi 40 kwa dakika. Kichwa kikipinda kupita kiasi, njia ya hewa hujifunga na kifua hakiinuki. Barakoa ikiachia upande mmoja, hewa huvuja. Baadhi ya mazoezi huwa na mapafu magumu zaidi, ili mkunga ajifunze kubadili mkono wake. Akimaliza, tableti humwonyesha alipopoteza sekunde na hewa ilipovujia. Anarudia palepale.

Kwa upande wa mama, zoezi la kuvuja damu baada ya kujifungua hutumia kifaa kiitwacho MamaNatalie, ambacho hufungwa tumboni mwa mtu anayeigiza mzazi. Huyo ndiye anayelalamika, anayejibu maswali na anayeachia damu ya bandia kwa siri. Timu inapaswa kuiona damu hiyo mapema, kuita msaada, kuchua mfuko wa uzazi, kutoa oksitosini, kukagua kondo la nyuma na kuweka dripu. Hapo huonekana pia mambo ambayo kitabu hakiyapimi: nani aliagiza, nani alisikia, na kama dawa ilikuwa jirani.

Baada ya zoezi, mwezeshaji hakai kutafuta wa kumlaumu. Huuliza nini kilifanyika, kwa nini, na kesho kifanyike nini. Wawezeshaji hao ni wauguzi na wakunga wa kituo hichohicho, na mada ya wiki huchaguliwa kutokana na takwimu za wodi yao. Kituo kinachoona akina mama wengi wakivuja damu hufanyia mazoezi hilo kwanza.

Matokeo yalichapishwa Februari 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, yakihusu akina mama karibu 280,000. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban asilimia 75, kutoka 240 hadi kama 60 kwa kila uzazi 100,000. Sifa hizo haziwezi kupewa mdoli peke yake. Kifurushi kilikuwa pia na vifaa, kikiwemo Moyo, kipimo cha mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, pamoja na takwimu zilizorudishwa kwa wakunga wenyewe. Mikoa nayo haikupata mafanikio sawa.

Kwa vyuo vya uuguzi vya Shinyanga na Geita, swali la kununua mdoli wa bei kubwa si la kwanza. Mdoli wa kawaida unaojazwa maji, ukikaa wazi na mwezeshaji akiwepo, unafaa kuliko wa kisasa unaofungiwa kabatini hadi wiki ya mtihani. Ratiba ya stashahada inaweza kutenga dakika kumi kila wiki badala ya kulundika mazoezi yote kwenye muhula mmoja. Hospitali zinazopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo nazo zinaweza kuwaingiza kwenye zamu ileile ya mazoezi ya wakunga, washike ambu pamoja nao na kukaa kwenye mjadala wa takwimu za wodi, ili wanapopangiwa kituo cha kazi Nyarugusu au Masumbwe wawe wameshazoea utaratibu huo na waweze kuuanzisha wenyewe.