Bati Lililo Chini ya Rangi

Fundi hakuanza na nyundo. Alichukua bisibisi, akaishika kwa upande wa ncha, akawa anagonga kwa mpini kuanzia chini ya mlango wa Datsun 240Z kuelekea gurudumu la nyuma, polepole, sikio karibu na bati. Palipokuwa pazima chuma kiliitika kwa mlio mkali. Karibu na tao la gurudumu mlio ukafa. Rangi ya hapo ilikuwa nyekundu, safi, ya kupendeza. Akaigeuza bisibisi, akasukuma kidogo, ikazama yote mpaka mpinini, na unga wa kahawia ukamwagika sakafuni.

"Hapa wamepita watu," akasema.

Waliopita walikuwa wamejaza tundu kwa magazeti na kipande cha wavu wa kuku, wakapaka puti juu, wakapiga msasa, wakapuliza rangi. Mwenye gari alilipa, akaondoka na furaha yake. Chini ya furaha hiyo kutu iliendelea na kazi.

Mombasa hili si ajabu. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huipa kutu mbio. Lakini 240Z lina udhaifu wake wa kuzaliwa. Lilitengenezwa Japani kuanzia 1969 hadi 1973, kwa bati jembamba lisilochovywa kwenye zinki. Hata Porsche ilianza kuunda bodi nzima za 911 kwa bati lililochovywa kwenye zinki katika magari ya mwaka wa 1976 tu. Maji ya mvua huingia chini ya kioo cha mbele, hutafuta njia kupitia vitundu vilivyotobolewa ili yatoke, na vitundu vikizibwa na vumbi na majani, hulala humo. Asidi ya betri hudondoka kwenye kisahani chake na kukila. Gurudumu hurusha tope kwenye pembe iliyo nyuma ya mlango, tope hukauka, hulowa tena. Na kutu haitosheki na kula tu. Huvimba, kwa kuwa inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ikabandua mabati mawili yaliyounganishwa kiwandani. Gari hili halina chesisi ya kando: sakafu na kingo za chini ya milango ndiyo mifupa yake. Zikioza, mlango huinama, na siku moja unakataa kufungika.

Kwetu 240Z si gari la kigeni lililopotea njia. Pasaka ya 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta alifungana pointi na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun, ikabidi ushindi uamuliwe kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Wazee wa mbio wanayakumbuka majina ya madereva, na wanastahili kukumbukwa. Ila mashindano yale yalikimbizwa kwenye mawe, tope na mito, na kila gari lililofika mwisho lilifika likiwa limenyooshwa na mtu mwenye nyundo kando ya barabara, usiku, kwa mwanga wa tochi. Majina ya watu hao sijayaona yameandikwa popote.

Rudi kwa fundi. Kabla ya kukata chochote alichomelea vyuma viwili kukingama uwazi wa mlango, ili bodi isipinde itakapopoteza kingo zake. Ndipo akawasha grainda. Alikata kuizunguka kutu, kisha akakata zaidi, akaingia kwenye bati ambalo mimi ningeliita zima. Nikamuuliza kwa nini asiishie pale, aweke kiraka juu.

"Hapana, bwana. Ukilaza bati juu ya bati, maji yatalala katikati. Mwakani utaniona mimi mwongo."

Mafundi wa majahazi wa Lamu wanalijua hili: ubao uliooza huondolewa mpaka pale ubao mzima unapoanzia, na mpya hukaa ukingo kwa ukingo na wa zamani.

Kiraka alikichora kwanza kwenye kadibodi, akakikata kwa mkasi, akajaribisha, akapunguza, akajaribisha tena. Halafu akahamishia mchoro kwenye bati la geji 20. Pembe ile ya 240Z ina mipindo miwili inayokutana, mmoja unashuka na mwingine unaingia ndani, na hakuna duka lililomuuzia kipande chake. Aliliweka bati juu ya mfuko wa mchanga akaanza kulipiga kwa nyundo ya mbao, mapigo mafupi, yaliyokaribiana, akilizungusha kidogo baada ya kila pigo. Bati likavutika katikati. Kingo zikajikunja, naye akazituliza juu ya kipande cha reli. Hakupima kwa chombo chochote. Alipeleka bati kwenye tundu, akatazama mwanga unapopenya, akarudi kwenye mchanga.

Kisha akafanya jambo ambalo ningekaa kulitazama mchana kutwa. Baada ya kuchomelea, doa moja huku, doa jingine mbali, akingoja joto lishuke hadi mkono uweze kulala juu yake ili bati lisivutike, na baada ya kusaga mshono, alichukua kitambaa chembamba cha pamba, akakilaza juu ya bati, akafumba macho. Kiganja kikapita juu ya kitambaa, kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari. Kitambaa huzuia ngozi isikwame, mkono ukabaki na umbo peke yake. Kiganja kiliposimama, kilisimama juu ya kitu nisichokiona. Akashika kipande cha chuma kwa ndani kwa mkono wa kushoto, akagonga kwa nje mara mbili, akapitisha tupa. Palipoinuka pakang'aa, palipobonyea pakabaki peusi. Peusi pakawa ni pale pale kiganja kiliposimama.

Maarifa hayo hayamo katika kitabu. Yeye aliyapata kwa mtu aliyemshikishia bati tangu akiwa kijana, akamwacha apige msasa mpaka vidole vikajua, ndipo akampa nyundo. Sasa nani atashikishwa bati? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka 8, na yale yanayoingia hufuatwa na makontena ya milango, boneti na madigadi yaliyokwisha kutumika. Nenda Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, utayakuta yamepangwa ukutani. Digadi likibonyea hutupwa, jingine hufungwa kwa boliti, na jioni gari limeondoka. Silaumu anayetaka gari lake jioni. Nasikitika kwamba kijana anayejifunza kazi katika gereji kama hiyo anajifunza kufungua na kufunga boliti tu. Hajawahi kuambiwa afumbe macho aguse bati. Na gari ambalo digadi lake halipo ukutani, analiona mzoga.

Kazi ya mwisho ndiyo inayonikera zaidi, kwa namna inavyodharauliwa. Bodi ikishapigwa rangi, fundi huchomeka mpira mwembamba ndani ya kingo na kupuliza nta iliyoyeyushwa, ifunike mshono kwa upande wa ndani ambao rangi haifiki. Kisha huzibua kile kitundu cha kutolea maji kwa waya. Hakuna atakayeona kazi hiyo, na katika hesabu anayomwandikia mwenye gari ni mstari mmoja mdogo tu. Nimewaona watu, watu wenye uwezo, wanaoliita gari lao urithi, wakishika kalamu na kuufuta mstari huo kwanza, huku wakiongeza fedha ili rangi ing'ae zaidi.