Herufi Mbili za Rebecka

Muuza vitabu vya mitumba, pale Posta, alifuta vumbi kwenye jalada akaniuliza, "Mzee wangu, huyu dada wa pichani ndiye anayeuawa?" Sikumlaumu. Riwaya za kusisimua ndizo zilizomzoesha: mwanamke anaingia ukurasa wa kwanza akiwa maiti, mpelelezi apate kazi, basi, hatajwi tena.

Kitabu kilikuwa cha Stieg Larsson, mwanahabari wa Sweden aliyewaandama Wanazi mamboleo wa nchi yake kwa miaka. Alifariki Novemba 2004, akiwa na umri wa miaka 50, kabla riwaya hiyo haijatoka.

Kuna mahali mimi hupasoma tena na tena. Harriet, msichana wa ukoo tajiri, ametoweka tangu 1966. Katika shajara yake mna majina matano, kila moja na tarakimu tano. Mawili kati yake ni herufi tupu. RJ, 30112. Polisi walidhani ni namba za simu, wakahangaika nazo hadi wakazeeka. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, binti mlokole wa Blomkvist, mwanahabari anayechunguza kutoweka huko, anapita kumsalimia baba yake. Wakiagana anamtajia zile aya za Biblia alizoziona kwake. Aya! Tatu ni kitabu cha tatu, Mambo ya Walawi. Sura ya 1, aya ya 12, sadaka inayokatwa vipande vipande. Ndipo RJ anapokuwa Rebecka Jacobsson, mtu aliyekuwa na kazi na kwao, aliyeuawa 1949.

Huo ndio ufundi ninaousifu. Damu imo, tena mno, na nyingine ningeipunguza. Lakini Larsson hamwachi marehemu abaki herufi. Anamfuata hadi apate jina, na nyuma ya jina anatuonyesha mali, Unazi na ukimya wa ukoo. Naye Lisbeth Salander, mpelelezi mwenyewe, anabakwa na wakili aliyekabidhiwa kisheria kumsimamia. Hata kurasa zinazofungua sehemu za kitabu hazina mapambo, zina hesabu: asilimia 46 ya wanawake wa Sweden wamewahi kufanyiwa ukatili na mwanamume.

Kwa Kiswidi kitabu kinaitwa Wanaume Wanaochukia Wanawake. Kilipotoka kwa Kiingereza, 2008, wanaume waliondolewa jaladani, akabaki "msichana" na tatuu yake ya joka. Msichana gani? Lisbeth ni mtu mzima wa miaka 24. Wafaransa waliwaacha wanaume palepale.

Siku hizi nasoma hadithi za vipande kwenye simu. Sehemu ya kwanza, dada kalala mtaroni. Hufika ya ishirini sijaambiwa aliitwa nani.

"Hapana," nilimjibu yule kijana, "huyu ndiye anayewasaka wauaji." Akaligeuza jalada, akalitazama upya. Nikamwomba kalamu, nikaandika ndani jina la kwanza la kitabu, kwa Kiswahili, na chini yake: Rebecka.