Ekseli na Matairi ya Mkonga: Uteuzi Unavyofanyika Kariakoo

Pikapu ya Land Cruiser inapogeuzwa kuwa gari la kubebea watu na mizigo katika njia zisizo na lami, kazi ya bodi ndiyo inayoonekana na kusifiwa, lakini kazi iliyo chini ya bodi, yaani uteuzi wa ekseli na matairi, ndiyo inayoamua gari litavuta nini, litabeba kiasi gani, na likiharibika litarudi mjini kwa namna gani. Jijini Dar es Salaam uteuzi huo haufanywi kwa orodha ya kiwandani. Hufanywa kwa miguu, katika eneo linaloanzia gereji za Gerezani, likapita maduka ya beringi na matairi mapya ya Kariakoo, na kuishia Shaurimoyo, upande wa Ilala, ambako vipuri vilivyotumika kutoka Japani na nchi za Ghuba hupangwa barazani kama mikungu ya ndizi.

Gari linalochambuliwa hapa ni la mfululizo wa 70, ambao Toyota ilianza kuutengeneza mwaka 1984, na ambao Watanzania huujua kwa jina la mkonga kutokana na bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele mfano wa mkonga wa tembo. Toleo la pikapu linalotafutwa zaidi kwa kazi hii ni HZJ79, lenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo. Mwaka 1999 mfululizo huu ulibadilishwa mambo mawili yanayomhusu kila anayenunua ekseli: springi za mbele ziliacha kuwa za mabamba, yaani vipande vya chuma vilivyolaliana, zikawa za koili, na magurudumu yaliyokuwa yakifungwa kwa nati sita yakaanza kufungwa kwa nati tano. Ekseli ya kabla ya hapo ina duara la bolti sita lenye kipenyo cha milimita 139.7, na ya baada ya hapo ina bolti tano katika duara la milimita 150, hivyo mtu atakayechanganya ekseli ya mbele ya kizazi kimoja na ya nyuma ya kizazi kingine atalazimika kusafiri na matairi mawili ya akiba, moja kwa kila ekseli.

Ekseli ya nyuma hufanya kazi mbili ambazo mnunuzi hana budi kuzitenganisha akilini, nazo ni kubeba uzito wa gari na kulizungusha gurudumu. Katika magari mengi madogo kazi zote mbili zimewekwa juu ya chuma kimoja, yaani shafti ya ndani inayotoka kwenye difu, yaani boksi la gia lililo katikati ya ekseli, hadi kwenye gurudumu, na shafti hiyo ikikatika gurudumu huweza kuchomoka pamoja na kipande kilichobaki. Katika ekseli ya nyuma ya HZJ79 kazi hizo zimegawanywa: habu, yaani kitovu cha gurudumu, imekaa juu ya beringi mbili zilizovaa bomba la ekseli lenyewe, na shafti ya ndani inapita katikati ikifanya kazi ya kuzungusha tu. Shafti ya namna hii ikikatika kati ya Mloka na Kibiti, dereva hufungua nati zake, huichomoa, huziba tundu ili matope yasiingie, na huendelea na safari kwa nguvu ya magurudumu ya mbele. Kwa gari litakalokwenda mbali na gereji, hoja hii peke yake inatosha kukataa ekseli yoyote ambayo shafti yake inabeba uzito, hata kama ni nzuri kwa macho na bei yake ni nusu.

Jambo la pili, ambalo ndilo huwagharimu watu wengi, ni uwiano wa difu. Ndani ya difu mna gia mbili kuu: pinioni, ambayo ni ndogo na huzungushwa na propela shafti, na krauni, ambayo ni kubwa na huzungusha magurudumu. Uwiano ni idadi ya meno ya krauni ikigawanywa kwa meno ya pinioni, kwa hiyo krauni ya meno 43 na pinioni ya meno 10 hutoa 4.3, na hiyo ndiyo inayokutwa katika HZJ79 nyingi. Ekseli za Land Cruiser ya mfululizo wa 80, ambazo ni imara na ambazo wauzaji huzisifia kwa haki, mara nyingi huwa na uwiano wa karibu 4.1. Kwa macho difu hizo mbili hazitofautiani sana; zikifungwa katika gari moja, moja mbele na nyingine nyuma, tofauti hujitokeza siku dereva anapotia foowili, yaani magurudumu yote manne yavute. Wakati huo propela shafti zote mbili hulazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja, na hesabu inaonyesha kwamba kila magurudumu ya difu ya 4.3 yanapokwenda mita 100, ya difu ya 4.1 hudai kwenda karibu mita 104.9. Mita hizo 4.9 kwenye mchanga hupotea kwa tairi kuteleza kidogo. Kwenye ardhi ngumu hazina pa kwenda, na kinachovunjika ni gia za boksi la foowili au viungo vya propela.

Kipimo cha kuepuka hasara hiyo hufanyika papo hapo barazani, na chombo chake ni kipande cha chaki. Ekseli iliyolazwa juu ya mbao huchorwa alama mbili, moja kwenye sahani ya pinioni inapofungwa propela, na nyingine kwenye habu moja. Habu ya pili hukamatwa na msaidizi isizunguke, kisha ile yenye alama huzungushwa polepole. Kwa difu isiyo na loki, yaani kifaa cha kuyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, mizunguko miwili ya habu moja wakati nyingine imeshikwa ni sawa na mzunguko mmoja wa krauni. Ukizungusha mara mbili tu, difu ya 4.3 itazungusha pinioni mara nne na kuiacha alama ya chaki kati ya tarakimu ya 3 na ya 4 kwa kufananisha na uso wa saa, ilhali difu ya 4.1 itaiacha ikiwa imeipita tarakimu ya 1 kidogo, na mabishano na muuzaji hayataisha. Ukizungusha mara 20, pinioni ya kwanza itakuwa imezunguka mara 43 na ya pili mara 41, na hapo hakuna cha kubishania. Kazi nzima haimalizi dakika kumi, na inashangaza ni wanunuzi wangapi wanaoona aibu kuifanya mbele ya watu.

Liko pia suala la upana wa ekseli. Toyota ilipoweka injini ya V8 katika mfululizo huu mwaka 2007, upande wa mbele ulipanuliwa ili injini ienee, lakini ekseli ya nyuma ikaachwa ilivyo, na matokeo yake magurudumu ya nyuma yakawa yamejikunja kwa ndani, jumla ya karibu milimita 95 kulinganisha na ya mbele. Kwenye lami jambo hili halisumbui. Kwenye mchanga au tope magurudumu ya nyuma hayafuati mtaro uliokwisha kukanyagwa na ya mbele, bali hulazimika kuchimba mtaro wao wenyewe, na injini hulipia mara mbili. Dawa rahisi inayouzwa ni spesa, yaani pete nene ya chuma inayofungwa kati ya habu na rimu ili kulisogeza gurudumu nje. Dawa hiyo ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti, kwa sababu kila milimita inayoongezwa hulisogeza gurudumu mbali na beringi zilizokusudiwa kulibeba, kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuibana ubavuni. Dawa ya pili, ya kukata bomba la ekseli na kuliunga kwa kuchomelea ili lirefuke, ni ya kukataliwa moja kwa moja pale ambapo fundi hana kalibu ya kulishikilia bomba lisipinde kwa moto. Beringi haijali uzuri wa mshono, inajali unyoofu wa bomba. Mwenye HZJ79 ya 1HZ hapaswi kuazima dawa za V8 kabla ya kupima gari lake mwenyewe kwa futi, mbele na nyuma.

Kuhusu ekseli za malori madogo, ambazo hupendekezwa kwa wanaotaka kubeba mizigo mizito, inatosha kusema kwamba huleta uwiano wake, rimu zake na breki zake, na kwamba mara nyingi hazina ndugu yake wa kufungwa mbele.

Baada ya ekseli ndipo tairi linapofaa kuzungumzwa, ingawa wengi huanza nalo kwa kuwa ndilo linalopendezesha gari. Maandishi ya 235/85R16 ubavuni mwa tairi yanasema kwamba upana wake ni milimita 235, kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 85 ya upana huo, na kwamba rimu ni ya inchi 16; kwa kujumlisha, kimo cha tairi zima ni karibu milimita 806, ambacho ni karibu sawa na cha 7.50R16, tairi jembamba ambalo mikonga mingi ya kazi ilitoka nalo kiwandani. Mwenye gari akipanda hadi 285/75R16, kimo kinafika milimita 834, na akipanda hadi 315/75R16 kinafika milimita 879. Katika gari lenye ekseli nzima ya chuma, kuinua springi hakuiinui difu kutoka ardhini hata kidogo. Tairi ndilo linaloiinua, na difu hupata nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Hatua ya kwanza hapo juu, pamoja na gharama zake zote, imeinunulia difu milimita 14, ambazo hazizidi unene wa kidole gumba.

Gharama hizo si za fedha tu. Tairi refu zaidi hufanya kazi ya kupunguza uwiano wa difu bila difu kuguswa: 4.3 ikifungiwa tairi la milimita 834 hufanya kazi kama 4.16, na ikifungiwa la milimita 879 hufanya kazi kama 3.94. Takwimu hii ya mwisho inastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu iko jirani kabisa na 3.9, uwiano ambao Toyota iliuweka kwa ajili ya V8 yenye tabo. Kwa maneno mengine, mwenye 1HZ isiyo na tabo anapofunga tairi hilo anaipa injini yake mzigo uliokusudiwa injini yenye nguvu kuizidi kwa mbali. Spidomita nayo hudanganya: kwa tairi la milimita 834 huonyesha kilometa 80 kwa saa wakati gari linakwenda karibu 83.

Kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote ni namba ya mzigo, ile inayofuata mara baada ya ukubwa wa tairi. Namba 112 ina maana ya kilo 1,120 kwa tairi moja, na namba 120 ina maana ya kilo 1,400. Gari likishajengwa bodi, likawekwa tangi la pili la mafuta, maji, abiria na mizigo, ekseli ya nyuma ikabeba kilo 2,200, kila tairi la nyuma linakuwa limebeba kilo 1,100; tairi la 112 limebakiwa na kilo 20, yaani uzito wa debe moja la maji, kabla hata gari halijaingia shimoni, ilhali tairi la 120 limebakiwa na kilo 300. Matairi mapana yanayovutia macho dukani si lazima yawe na namba kubwa, na muuzaji husema kweli anaposema yanaingia katika rimu, kwani swali aliloulizwa ni hilo tu.

Upana wa tairi nao una mahali pake. Kwenye fukwe za Kimbiji na Pemba Mnazi tairi pana lililopunguzwa upepo hadi kati ya PSI 15 na 20 huelea juu ya mchanga. Kwenye udongo mweusi wa bonde la Rufiji, ambao ukilowa hujaza kashata, yaani yale meno ya tairi, hadi tairi likawa kama kipara, tairi jembamba hupasua tope na kufikia ardhi ngumu iliyo chini. Anayepunguza upepo awe na rimu za kipande kimoja na matairi yasiyo na tyubu, kwa sababu rimu za vipande za 7.50R16, ambazo sifa yake ni kufunguliwa na kuzibwa pancha popote, hubeba tyubu, na tyubu yenye upepo mdogo huvutwa hadi mdomo wake ukakatika.

Kwa matumizi ya kawaida ya kusini mwa Dar es Salaam, hesabu zote hizi zinaelekea mahali pamoja: ekseli za HZJ79 zenyewe, jozi ya uwiano mmoja, zikafunguliwa na kuwekewa beringi na sili mpya, kisha matairi matano ya 235/85R16 yenye namba ya mzigo 120, yote ya aina moja. Anayekwenda Shaurimoyo abebe chaki na futi. Anayekwenda kununua matairi asome tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lililokaa juani barazani muda mrefu alirudishe lilipokuwa.