Toleo na Kosa: Baladi za Marekani katika Santuri za Awali

Santuri za baladi zilizorekodiwa na waimbaji wa kusini mwa Marekani kati ya 1923 na 1932 husomwa kwa kawaida kama kumbukumbu, yaani tundu la kuchungulia utanzu uliokuwa ukiishi vinywani mwa watu kabla ya mashine kuukuta. Usomaji huu una manufaa yake, ila unaficha jambo moja. Makala haya yanashikilia kwamba santuri, pamoja na kuihifadhi baladi, iliingiza ndani yake dhana ambayo utanzu huo haukuwa nayo: dhana ya kosa. Hapo awali palikuwa na matoleo. Baadaye pakawa na asili na nakala, na nakala ikaweza kukosea.

Baladi ni wimbo wa masimulizi wenye beti fupi, aghalabu za mishororo minne, unaosimulia tukio moja kwa kurukaruka na kupenda majibizano kuliko maelezo. Mzoefu wa utendi ataona mara moja kinachokosekana: hakuna dua ya kufungulia, wala beti za mwisho za mtunzi kujitaja. Wimbo hauna mwenyewe. Francis James Child wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipochapisha mkusanyo wake mkubwa wa baladi za Uingereza na Uskoti kati ya 1882 na 1898, alizipa nambari baladi 305, na chini ya nambari hizo akayapanga matoleo kwa herufi: A, B, C na kuendelea. B haikuwa A iliyoharibika. Cecil Sharp na Maud Karpeles nao, walipozunguka katika milima ya Appalachia kati ya 1916 na 1918 wakiandika nyimbo kwa mkono, walifuata desturi hiyohiyo.

Inafaa kwanza kuondoa shutuma moja ambayo santuri haistahili. Husemwa kwamba upande mmoja wa santuri ya inchi 10, wenye nafasi ya dakika tatu hivi, ndio uliozikata baladi. Tutazame "Henry Lee," iliyoimbwa na Dick Justice wa West Virginia mwaka 1929 kwa gitaa tu. Ni tawi la baladi ya 68 katika orodha ya Child. Mwanamke anamchoma kisu mpenzi anayetaka kwenda kwa mwingine, mwili unatupwa kisimani, kisha anambembeleza ndege aliyeshuhudia ashuke atue kwake. Ndege anakataa, kwa kuwa aliyemuua mpenzi wake hatashindwa kumuua ndege. Wimbo unaishia hapo. Katika baadhi ya matoleo ya Uskoti hadithi huendelea: maiti hutafutwa majini, siri hufichuka, na moto huamua nani mwenye hatia. Lakini Sharp alikwisha kukuta milimani matoleo yanayoishia kwa ndege zaidi ya miaka kumi kabla ya Justice kuingia studio. Mkato ulikuwa kazi ya waimbaji wenyewe, na kwa maoni yangu ni kazi nzuri. Tunabaki na mwuaji na shahidi wakitazamana, na hukumu haijafika.

Ukavu huo wa usimulizi unapata sauti inayoufaa kwa Clarence Ashley, katika "The House Carpenter" ya 1930. Mke wa seremala anamwacha mtoto wake ili amfuate mpenzi wa zamani aliyerudi kutoka baharini, na meli yao inazama. Katika matoleo ya kale mpenzi huyo alikuwa mzuka au shetani; kwa Ashley ni mwanamume tu. Banjo haipunguzi mwendo hata mama anapombusu mtoto, na mapigo yaliyompeleka melini ndiyo yanayomzamisha. Hakuna mkusanyaji mwenye kalamu angeweza kutuachia jambo hilo, na hapa deni letu kwa mashine ni kubwa.

Kosa liliingia kwa mlango mwingine. Tarehe 27 Septemba 1903 treni ya barua nambari 97 ilitumbukia kutoka kwenye daraja karibu na Danville, Virginia, na wimbo juu ya ajali hiyo ukaenea kwa lahani iliyotokana na wimbo wa Henry Clay Work wa 1865 kuhusu meli isiyorudi. Henry Whitter aliurekodi kwa kampuni ya Okeh mwaka 1923. Vernon Dalhart aliujifunza kutoka kwenye santuri ya Whitter, akaurekodi kwa Victor mwaka 1924, na santuri yake ikauzwa kwa wingi usio wa kawaida. Penye fedha hutokea mwenyewe: David Graves George, mkazi wa Virginia, aliishtaki Victor akidai kuwa ndiye mtunzi. Mahakama ya kwanza ilimpa haki. Mahakama ya rufani ikaibatilisha hukumu hiyo mwaka 1934.

Mhakiki anapaswa kuikawilia kesi hii kwa sababu ya aina ya ushahidi uliotumika. Robert Winslow Gordon, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa hifadhi ya nyimbo za jadi katika Maktaba ya Bunge la Marekani, alitoa ushahidi upande wa Victor. Maneno ya Whitter hayakusikika vizuri kila mahali, na Dalhart aliyasikia alivyoyasikia. Maandishi ya George yalipolinganishwa na santuri, yalionekana kuzifuata tofauti hizo za Dalhart, na mahakama ikaona kwamba alinakili. Kwa sheria, huenda huo ulikuwa uamuzi wa haki. Kwa nadharia ya fasihi simulizi ni tukio kubwa: tofauti kati ya waimbaji wawili, ambayo Child angeipa herufi tu, imegeuka alama ya kumkamatia mtu, na mjuzi wa matoleo ndiye aliyeitwa kuisoma.

Hata hivyo, si waimbaji wote waliokuja studio wakiwa na asili ya kunakili. Mauaji ya Billy Lyons, aliyepigwa risasi na Lee Shelton huko St. Louis usiku wa Krismasi ya 1895, yaliimbwa na Frank Hutchison, Mzungu, mwaka 1927, na Mississippi John Hurt, Mweusi, mwaka 1928. Kampuni ziliwauzia Weusi na Wazungu kwa orodha mbalimbali, kana kwamba nyimbo zilijua mipaka hiyo. Wimbo huu uliivuka. Hurt anampeleka mwuaji kwenye kitanzi, ilhali Shelton mwenyewe hakunyongwa: alifungwa, na alifia gerezani mwaka 1912. Hapo Hurt hakukosea historia. Alilipatia tukio mwisho ambao wimbo uliuhitaji.

Mwaka 1952 Harry Smith alichagua rekodi 84 kwa ajili ya mkusanyo uliotolewa na Folkways, wa kwanza kati ya majuzuu yake matatu ukiwa wa baladi. Aliacha kwa makusudi kutaja rangi za waimbaji, na kwa hilo anastahili sifa. Lakini alitoa karibu kila baladi kwa toleo moja, kinyume cha Child, na kizazi cha vijana kikajifunza kutoka humo jinsi wimbo "unavyoimbwa." Hurt alipopatikana tena mwaka 1963 na kurekodiwa upya, alikuja mbele ya wasikilizaji waliokwisha kumjua kwa santuri ya ujana wake.

Suala hili linatugusa moja kwa moja. Mwaka huohuo wa 1928 Siti binti Saad alirekodi huko Bombay kwa ajili ya Gramophone Company, iliyotumia nembo ya mbwa na gramafoni pamoja na Victor. Miongoni mwa nyimbo zake ni "Kijiti," juu ya mwanamke aliyeuawa Unguja, ambao baadaye Bi Kidude aliuimba kwa namna yake. Anayezilinganisha sauti hizo mbili ana hiari ya kuorodhesha alichoacha Bi Kidude na alichogeuza. Anayo pia hiari ya kuandika A kando ya jina moja, na B kando ya la pili.