Mbwa wa Adili Walikwenda Wapi?

Wengi wetu tulikutana na Adili na Nduguze shuleni, na kilichotubaki kichwani ni picha moja: kila usiku Adili anawacharaza manyani wawili, halafu analia nao na kuwalisha. Tuliambiwa tutafute maadili, tukayatafuta, mtihani ukapita. Ambacho mimi sikuambiwa darasani ni kwamba manyani wale zamani walikuwa mbwa.

Shaaban Robert alipokitoa kitabu hicho mwaka 1952 alikuwa amekifinyanga upya kisa cha Alfu Lela Ulela, kile cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Mjumbe anakuja kukusanya kodi, usiku anachungulia, anaona viboko na machozi. Ukivisoma visa hivi viwili kwa pamoja utaona mifupa ni ileile. Mbwa tu ndio hawamo.

Kwa nini aliwaondoa? Nadhani alimjua msomaji wake. Pwani yetu imelelewa na fikihi ya Shafii: chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sasa mpe msomaji huyo mtawala mwema anayemkumbatia mbwa na kumfuta machozi. Atakereka kabla hajafika kwenye maadili yenyewe. Nyani, tena, anafanana na binadamu, kwa hiyo aibu ya ndugu walioanguka inaonekana vizuri zaidi. Kisanaa sina ugomvi na uamuzi huo. Ila mapokeo hayohayo ya Kiislamu yanacho pia kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi. Kisa hicho kinasimuliwa misikitini. Kwenye riwaya zetu sijakiona kikifanya kazi kubwa.

Mbwa wetu wa maandishi kabaki kwenye matusi. Mbwa koko. Kijibwa cha mabeberu. Hata ugonjwa unaomuua yeye kwanza tumeuita kichaa cha mbwa, kana kwamba ni tabia yake.

Nimeanza kuyafikiria haya kwa sababu ya simulizi zinazotoka Mara. Upande wa magharibi wa Serengeti, taasisi ya Grumeti Fund ina kikosi cha mbwa wa kunusa kilichoanzishwa kwa msaada wa Working Dogs for Conservation, shirika la Marekani ambalo hupenda kuchukua mbwa waliotelekezwa. Marekani mbwa anafika kwenye vituo vya kuokolea wanyama kwa njia nyingi: mfugaji kazalisha wengi kuliko alivyoweza kuuza, au mnunuzi kapenda kitoto kizuri, kikakua, kikawa jitu lisilotulia linalotafuna makochi. Mkufunzi anamtaka huyohuyo asiyetulia. Anarusha mpira. Mbwa ambaye hakubali kuuacha mpira, hata ukidondokea kwenye miiba, ndiye anayefaa, maana mpira ndio utakuwa mshahara wake. Anafundishwa harufu ya pembe, ya nyama pori, ya nyaya za mitego, kisha anapandishwa ndege.

Kama hadithi, hii inanasa, na tunajua sababu. Ni kisa cha mtoto aliyekataliwa nyumbani ambaye ila yake inageuka kuwa karama ugenini. Bibi zetu walikisimulia kwa wahusika wengine. Nampa sifa msimulizi wa aina hii kwa jambo moja ambalo fasihi yetu haijalifanya: mbwa wake ana wasifu. Ana jina, ana jana, ana kosa lililosamehewa.

Hapo ndipo ninaposhikwa na wasiwasi. Wasifu unaishia kwa mbwa. Mwisho wa kila simulizi kuna mtu kakamatwa porini na waya au kilo kadhaa za nyama, na huyo hana jina wala jana. Hatuambiwi alivuna nini mwaka ule, ana watoto wangapi, wala nyama ilikuwa ya kuuza au ya sufuria. Mbwa aliyeshindikana anapewa nafasi ya pili. Mtu wa kijiji jirani anakuwa tukio la kufungia hadithi. Sitetei ujangili hapa. Nauliza tu kama msomaji: msimulizi mwenye huruma ya kutosha kwa mnyama, ilimwishia wapi alipofika kwa binadamu?

Kuna mwingine pia anayerukwa, naye ni mbwa wa boma. Ukitoka Mugumu kwenda Tarime utamwona kila mahali, mbavu nje, akifuata ng'ombe. Huku si pwani. Mbwa huku ni kibarua. Analala nje akisikiliza fisi na wezi wa mifugo, na ujira wake ni makombo. Wengine huenda na wenye kuwinda. Kumwita huyu ametelekezwa ni kumpima kwa kipimo cha makochi, maana kazi anayo na kwao anapajua. Lakini kusema anatunzwa nako ni uongo, na mwandishi atakayemtaka itabidi akae hapo katikati, pasipo na ubao wa majina.

Waliomwandika vizuri kuliko wote, ajabu, ni watu wa takwimu. Kuanzia 2002 watafiti walifuatilia kichaa cha mbwa wilayani Serengeti na Ngorongoro kisa kwa kisa: nani kang'atwa, na mbwa yupi, na mbwa yule aling'atwa wapi kabla. Wakachora nasaba nzima ya meno. Waligundua kwamba kwa wastani mbwa mgonjwa humwambukiza mwenzake mmoja na kidogo tu zaidi, ndiyo maana kuchanja asilimia 70 ya mbwa kunatosha kuukata mnyororo. Nilipoisoma kazi ile niliisoma kama riwaya ya upelelezi, na upelelezi wake ni wa kufa na kupona: dalili zikishamwanza binadamu, karibu hakuna anayepona. Kila mstari kwenye mchoro ule ulipita kwenye ua wa mtu.

Na 1994 maradhi mengine ya mbwa, distempa, yaliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa wa vijijini wakanyooshewa kidole, chanjo zikapelekwa kwenye vijiji vinavyozunguka hifadhi. Yaani huyu asiye na jina ndiye anayesimama kati ya mtoto na kifo, na kati ya simba na kifo, kwa sindano moja.

Mtu atasema mbwa hawezi kubeba riwaya. Mkameruni Patrice Nganang alimpa mbwa usimulizi wote wa Temps de chien, 2001, na kwa jicho la mbwa yule tunaona baa, madeni na uoga wa wanaume wa Yaoundé kuliko wao wenyewe wanavyojiona. Coetzee naye, katika Disgrace, alimpeleka profesa wake aliyeanguka akahudumie mbwa wasiotakiwa, bila kuwafanya mashujaa. Kwetu, Kiswahili kilishapanda bara zamani, kinasemwa Sirari, kinasemwa Nyamongo, lakini kinapomtazama mbwa bado kinatazama kwa macho ya baraza la pwani.

Ningeisoma riwaya inayoanzia kwenye foleni ya chanjo. Mara nyingi watoto ndio wanaowaleta mbwa, kwa kamba ya katani au kipande cha kanga. Karani anauliza, mbwa anaitwa nani? Mtoto anamtazama kaka yake. Kaka anatazama chini. Nyuma yao foleni inasukuma, mbwa wameanza kuzozana, na karani bado ameshika kalamu.